Kompyuta Inayoingia Kwenye Ndoo ya Rangi

Kijana wa dukani Kariakoo aliweka kompyuta mbili juu ya kaunta. Moja mpya, nyembamba, ya rangi ya fedha, nailoni bado haijabanduliwa kwenye mfuniko. Nyingine nyeusi, ya mtumba, kona zimechubuka, na chini yake stika ya namba ya ofisi fulani ya Ulaya imeng'ang'ania. Bei hazikupishana sana: mpya laki sita, mtumba laki tano.

"Dada, unaitaka ya kazi gani?"

"Ya kwenye boti."

"Boti ya Zanzibar?"

"Hapana. Mashua. Za wavuvi."

Akazitazama zote mbili, kisha akanitazama mimi. Wauzaji wengi pale wangenisukumia ya bei kubwa. Yeye akasema, "Hapo dada, kwa kweli sijui."

Nikaondoka bila kununua. Jibu lile la ukweli likanikaa kichwani wiki kadhaa, kwa sababu hata mimi sikuwa najua.

Kazi yenyewe

Wanaonisoma siku zote wanajua ninachofanya: naandika kumbukumbu za vikundi vya wavuvi wa pwani ya Tanzania, kuanzia Nyamisati hadi Kilindoni, kutoka Chole na Jibondo kuteremka mpaka Songosongo na Kilwa. Nani kavua nini na wapi, kwa chombo gani. Siku hizi nakusanya pia majina ya miamba na mafungu ya mchanga, kama manahodha wazee wanavyoyataja, kabla hawajaondoka nayo.

Kwa hiyo mashine ninayoihitaji ina mambo manne ya kufanya. Kuandika. Kutunza majedwali. Kupokea sauti kutoka kwenye simu na kinasa ili nizisikilize taratibu. Na kuonyesha ramani, niweke alama pale mzee anapoonyesha kidole na kusema, "Hapa."

Hakuna hata moja kati ya hayo inayohitaji kompyuta yenye kasi.

Nalisema hili mapema kwa sababu ushauri wote niliopewa ulianzia kwenye kasi. Prosesa (ubongo wa mashine) gani, kizazi cha ngapi, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kiasi gani. Maswali mazuri kwa anayekaa mjini penye soketi ukutani. Kwa anayelala Jibondo na kuamkia baharini, swali la kwanza ni jingine kabisa.

Umeme kwanza

Mashua nyingi ninazopanda zina injini ya nje inayowashwa kwa kuvuta kamba. Betri haipo. Zile zenye taa na redio hubeba betri ya gari, mara nyingi ya aina ya N70, na paneli ya sola imefungwa kwa kamba juu ya turubai.

Hesabu ni rahisi na inafaa kila mtu aifanye kabla hajatoa pesa. Betri kama hiyo, ya volti 12 na ampea-saa 70, ina takriban wati-saa 840. Lakini betri ya asidi ukiikausha mara kwa mara inakufa haraka, kwa hiyo tumia nusu: wati-saa 420. Kompyuta ndogo ya kuandikia, kioo kikiwa kimepunguzwa mwanga, inakula kama wati 8. Ongeza upotevu wa njiani, sema 10. Hapo una saa 42 kabla ya kuhesabu simu za watu wanane, taa na redio. Ukija na mashine kubwa ya inchi 15 yenye kadi ya picha za michezo ya kompyuta, inayokula wati 40 au 50 ikikolea, saa zile, pamoja na upotevu uleule, zinageuka kuwa saba au nane. Wenye betri yao watakutazama vibaya, na wana haki.

Kuna jambo jingine halisemwi dukani: namna umeme unavyoingia. Wengi huchukua inveta, wakapandisha volti 12 hadi 230, kisha chaja ya kompyuta ikateremsha tena hadi 20. Kila hatua inapoteza, na inveta ya bei rahisi inakula hata kama hujachomeka kitu. Kompyuta inayochajiwa kwa Type-C, tundu lile la chaja za simu za kisasa, inaweza kupokea moja kwa moja kutoka kwenye chaja ya gari, ile ndogo ya kuchomeka penye kiberiti. Hakuna inveta, hakuna feni ya inveta, hakuna waya wa volti 230 karibu na maji ya ngama, yale yanayotuama chini ya chombo.

Nilipofika hapo, nusu ya kompyuta za bei rahisi zikawa zimeanguka zenyewe, kwa tundu la chaja tu.

Simu haitoshi?

Nahodha mmoja wa Chole aliniuliza hivi tukiwa tumetia nanga kusubiri maji yajae: "Mwanangu, simu yako si ina ramani, ina kamera, inanasa sauti? Hilo jingine la nini?"

Lilinisumbua kuliko swali la Kariakoo. Alikuwa na hoja. Simu ina GPS, na GPS haihitaji bando. Inasikiliza setilaiti hata pasipo mnara wowote wa mtandao. Wapo wanaodhani ukitoka nje ya mtandao na ramani imekufa. Ramani ukishaihifadhi ndani ya simu, alama yako itaendelea kutembea katikati ya bahari. Simu inachajiwa na chochote. Inaingia mfukoni.

Kwa siku kadhaa nilikuwa karibu kuacha mpango wote.

Kilichonirudisha ni matone. Kioo cha kugusa kikipata maji ya chumvi hakijui tena kidole ni kipi na tone ni lipi. Kinafungua kisichoulizwa na kukataa kinachoulizwa. Unakipangusa kwa kanga iliyolowa, kinazidi. Kisha ujaribu kuandika maelezo ya saa nzima ya mzee kwa vidole gumba viwili, huku ukirudisha sauti nyuma mara kwa mara kusikia jina la mwamba. Simu ni ya kukusanyia. Ya kukaa na kufikiri ni nyingine, yenye kibodi.

Tableti yenye kibodi ya kubandika nayo niliifikiria. Kwenye chombo kinachosukwasukwa haikai pajani, inataka meza.

Mashine tuliyoihitaji ilishawahi kutengenezwa

Hapa niwape kisa kifupi, kwa sababu kinanikera na kunifurahisha kwa pamoja.

Mwaka 2007 zilitoka kompyuta mbili ambazo mtu wa baharini angezipokea kwa mikono miwili. Moja ni Asus Eee PC ya kwanza: kioo cha inchi 7, uzito chini ya kilo moja, Linux ndani (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta), na hifadhi isiyokuwa na sahani inayozunguka, kwa hiyo mtikisiko haukuiumiza. Nyingine ni XO-1, ile ya kijani na nyeupe ya mradi wa One Laptop per Child, ambayo Rwanda iliigawa kwa wingi mashuleni. Ilipangwa iuzwe dola 100, ikafika karibu 200. Kibodi yake ilikuwa ya mpira uliofunikwa wote. Haikuwa na feni. Na kioo chake, kazi ya mhandisi Mary Lou Jepsen, kilisomeka juani: unazima taa ya ndani, jua lenyewe linakuwa ndiyo taa yake, herufi zinabaki nyeusi na safi.

Ukishakaa kwenye mashua saa saba mchana utaelewa kwa nini narudia sentensi hiyo ya mwisho. Kompyuta ninazoziona madukani leo, kwa pesa ninayoweza kutoa, mchana kweupe ni kioo cha kujitazamia uso. Zile za kijeshi zenye mwanga mkali zipo, lakini bei yake ni ya kununulia injini ya mashua.

Soko liliacha njia hiyo. Vioo vikawa vikubwa na mwili ukawa mwembamba, na sisi tunaochagua kwa pesa ndogo tunaokota kilichobaki.

Raspberry Pi, karibu sana

Kuna rafiki yangu fundi wa sola aliyenisukuma kwa Raspberry Pi, kile kibao kidogo kilicho kompyuta nzima, kilichoanza kuuzwa mwaka 2012 kwa dola 35. Kinakunywa volti 5, wati chache tu, na kinaendesha OpenCPN, programu ya bure ya ramani za bahari. Wenye mashua za matanga za safari ndefu wengi hukifunga ukutani mwa kabati la chombo na kukiacha humo.

Ukiwa na chombo chako, chenye sitaha na mahali pakavu pa kudumu, sioni sababu ya kukataa. Kikiharibika unanunua kingine, unahamisha kadi ya kumbukumbu, unaendelea.

Ila mimi nasafiri kwenye vyombo vya watu. Leo huyu, kesho yule. Pi inataka kioo chake, kibodi yake, betri yake, na waya kati ya kila kimoja na kingine, na kila tundu la waya ni mlango wa chumvi. Tena umeme ukikatika ghafla inapokuwa inaandika, kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika na kila kilichomo. Kompyuta mpakato ina betri yake tumboni; waya ukichomoka, haishtuki.

Meza ya fundi

Nilirudi Kariakoo, safari hii na fundi ninayemwamini. Tukamwomba yule kijana atuache tufungue zote mbili. Akasita kwa ile mpya, kwa sababu ya dhamana, lakini alikuwa na nyingine ya aina ileile iliyokufa, ameiweka chini ya kaunta. Tukafungua hiyo.

Ndani kulikuwa na kibao kimoja kidogo, betri pana, na basi. RAM ya gigabaiti 4 imechomelewa. Hifadhi, gigabaiti 64 za eMMC (kidude cha kutunzia data), imechomelewa. Fundi akagusa kidude hicho kwa ncha ya bisibisi.

"Hiki kikifa, na mashine imekufa. Na vitu vyako vimekwenda nayo."

Sikuwa nimewahi kulitazama hivyo. Nilikuwa nafikiria mashine kuharibika. Sikufikiria kwamba kazi ya msimu mzima inaweza kufungiwa ndani ya kitu ambacho hakuna fundi wa Kilindoni wala wa Kilwa Masoko atakayeweza kukitoa.

Ile nyeusi ya mtumba, ThinkPad X270 ya mwaka 2017, ilifunguka kwa skrubu za kawaida. Diski ya SSD ikatoka kwa mkono. RAM ikatoka kwa mkono. Betri moja iko ndani, nyingine iko nje, na hii ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima, kwa sababu ya ndani inashikilia. Diski ile ukiitia kwenye kikasha cha USB cha bei ndogo, inasomeka kwenye kompyuta nyingine. Hata mashine ikizama, ukiwahi kuitoa diski, ukaisuuza na kuikausha vizuri, bado una tumaini.

Pale ndipo nilipoamua. Neno "rahisi" lilibadilika maana kwangu mbele ya meza ile. Mashine ya laki tano ambayo fundi wa kisiwani anaweza kuifungua, na vipuri vyake vimejaa mitumbani, nimeiona rahisi kuliko hata ambayo ingeuzwa laki tatu lakini haifunguki.

Tarehe moja ya Oktoba

Kwa nini mashine imara vile inauzwa laki tano? Sababu mojawapo ni Windows. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda mbele. X270 ina kizazi cha sita au cha saba. Ofisi za Ulaya zinaziondoa zikiwa nzima kabisa, na meli inatuletea.

Nimeweka Linux Mint badala ya Windows. Sitasema ni rahisi kwa kila mtu. Kama kazi yako inategemea programu moja ya Windows, fikiri mara mbili. Kwangu kuandika, majedwali, sauti na OpenCPN vyote vinakwenda, na mfumo hauamki katikati ya Mlango wa Mafia ukitaka kupakua gigabaiti mbili za maboresho kwa bando langu.

Feni

Kuna jambo moja linaloniuma kwenye uamuzi huu, na sitaki kulifunika. Ile mpya haikuwa na feni. Ya kwangu inayo.

Feni inavuta hewa, na hewa ya baharini ina chumvi. Chumvi inakaa kwenye kibao, inanyonya unyevu usiku, na kutu ya kijani inaanza kwenye miguu ya vidude. Wakati wa kusi, mawimbi yanapopasuka omo na rasharasha kufika tezi, hata usipopata tone moja unaondoka na chumvi kwenye nyusi. Mashine isiyo na tundu la hewa ina nafasi nzuri ya kuishi muda mrefu hapo, na kama ingekuwa na hifadhi ya kuchomoa, ningeichukua.

Nimejibu kwa mazoea. Chombo kikiwa kinakwenda, kompyuta haifunguliwi. Simu ndiyo inayofanya kazi. Inafunguliwa tukishatia nanga upande wa kivuli cha upepo, au nchi kavu. Nimepunguza kasi ya prosesa ili feni isizunguke ovyo. Na kila nikirudi mjini fundi anaifungua, anapuliza, anapitisha brashi na spiriti.

Ikiingia maji ya chumvi, kumbukeni: zima, toa betri, suuza kwa maji safi yasiyo na chumvi, ikiwezekana yale ya kuongezea betri (distilled, si asidi), kausha siku kadhaa kabla ya kujaribu kuwasha. Watu wanashangaa kusikia unasuuza kompyuta. Lakini maji yakikauka yenyewe, chumvi inabaki na inaendelea kula. Na mchele uacheni sufuriani, hauondoi chumvi.

Ndoo

Mfuko wa kuzuia maji wa dukani ni mzuri, ila ukitoboka hujui mpaka umechelewa. Wavuvi walinionyesha kitu wanachohifadhia simu, viberiti na sigara: ndoo ya rangi ya lita 20, ile ya plastiki yenye mfuniko wa kubana na mpira ndani yake. Inaelea. Inakaliwa. Ikipigwa teke wakati wa kushusha tanga, hakuna kitu.

Nikaipima mashine humo kabla ya kulipia. Mashine ya inchi 12 na nusu inaingia imesimama, pamoja na chaja, kikasha cha diski na soksi nene pembeni za kuzuia kugonga. Ya inchi 15 mfuniko haukufunga. Kwa hiyo, wanaoniuliza ukubwa gani unafaa, nawajibu bila wasiwasi wowote: nenda na ndoo dukani. Ndani yake tupieni vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu, na mvianike juani mara kwa mara.

Ramani isikupandishe mwambani

OpenCPN ikishapata kifaa kidogo cha GPS cha USB, inaonyesha chombo kilipo. Inabeba pia hesabu za maji, na huku kwetu, ambako bamvua hupandisha na kushusha maji karibu mita 4, hilo ni jambo kubwa. Ramani rasmi za mamlaka za bahari zinauzwa. Kwa maeneo ya matumbawe nimepata msaada zaidi kwenye picha za setilaiti zilizohifadhiwa kwa muundo wa MBTiles, ambazo programu inazisoma bila intaneti.

Lakini pwani hii ilianza kupimwa na Waingereza miaka ya 1820, Kapteni Owen na watu wake wakitupa bildi (risasi yenye kamba ya kupimia kina), na vipimo vya zamani bado vina watoto wao ndani ya ramani za leo. Picha ya setilaiti nayo inaweza kusogea mita kadhaa kutoka mahali pake. Mafungu ya mchanga kwenye midomo ya Rufiji hayakai mahali pamoja misimu miwili. Kwa hiyo naitumia ramani kuandikia, si kuongozea. Mzee anapoonyesha kidole, naweka alama, naandika jina, kina alichokitaja, na ni wakati gani wa maji. Usukani ni wake.

Nakala

Kila jioni nanakili kazi ya siku kwenye flashi mbili. Moja inabaki na katibu wa kikundi, kwa sababu kumbukumbu zile ni zao kabla hazijawa zangu. Nyingine inalala shingoni mwangu ndani ya kichupa cha dawa chenye mfuniko wa kusokota. Nikipata mtandao Kilindoni, napandisha kilicho kidogo: maandishi na majedwali. Sauti zinasubiri mjini.

Wanaosafiri kwa ndege waangalie betri: betri za akiba na pawabanki zinakwenda nawe ndani, si kwenye mzigo wa chini, na mashirika mengi yanaweka mpaka wa wati-saa 100. Betri kubwa ya nje ya mashine hii ni wati-saa 72.

Ninachokitafuta sasa ni kizibo kizuri cha tundu la Type-C. Nimejaribu vya mpira vya simu. Vinashika chumvi kwa ndani na kuiweka palepale penye shaba. Grisi ya umeme inazuia kutu, lakini inakamata mchanga. Kama kuna fundi wa Tanga, Pemba au Lamu aliyelitatua hili kwenye kifaa kinachoishi baharini, aniandikie aseme ametumia nini.